Kuitwa Mara ya Pili

Kisangani, mtaa wa Tshopo
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Salaam aleikum, wewe na nyumba nzima. Mimi mwanao Shabani ni mzima, nakula, nalala, na bado nasema sana kama ulivyonizaa. Chumba changu ni kile kile karibu na mto. Kelele za maji nimezizoea mpaka siku zikinyamaza nadhani nitakosa usingizi. Habari za Kasongo? Mvua zimewaacha mpande? Na lile bati la jikoni limepigiliwa, au bado mnapika mkikimbizana na matone?

Amina mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, nakuomba jambo moja kabla hujaendelea: usiruke hata mstari mmoja, na usipunguze maneno kwa kumwonea Mama haya. Barua yako niliipata wiki jana. Umeandika kwamba Mama amenenepa miguu, kwamba vile viatu marehemu Papa alivyomnunulia kabla ya vita havimwingii tena, na majirani wanashangilia kwamba mjane ameanza kupona huzuni. Umeandika pia kwamba ulipomuuliza kwa niaba yangu kama anakula vizuri, alijibu: "Mwambie nimeshiba, asijisumbue."

Miezi miwili iliyopita ningesoma habari hiyo nikaamka nicheze. Safari hii niliisoma mara tatu, nikatafuta kalamu. Kwa nini, hilo ndilo nitakalowaeleza. Tangu nianze kazi hii ya hospitali sijawahi kufurahi hivi wala kujifunza hivi, na nawaandikia haraka kabla kalamu haijaishiwa wino.

Mama, unajua hospitali ya huku haimpikii mgonjwa. Inampa kitanda, dawa kama zipo, na kikombe cha chai asubuhi. Chakula kinatoka kwa ndugu. Ua wa nyuma umejaa mafiga, na wake za wagonjwa, mama zao na dada zao wanapika humo tangu alfajiri. Harufu ya samaki na mawese inaingia madirishani mpaka sisi wauguzi tunasahau tulichokuja kufanya. Lakini tangu uasi umalizike, watu wanatoka porini kila siku, na wengine wanafika peke yao kabisa. Ndugu walipotelea huko.

Mmoja wao ni Papa Idi, fundi wa kushona kutoka njia ya Bengamisa. Aliletwa na lori la mbao, ana kidonda pajani, kirefu kama mkono wangu. Mtu mstaarabu mno. Hata akiumia wakati wa kusafishwa kidonda anasema asante. Tulimlaza kitanda cha tatu, kati ya mzee mmoja mkulima na mume wa Mama Vero. Huyo Mama Vero ni mpishi wa lituma asiye na mfano. Akiponda zile ndizi, mchi wake unasikika mpaka chumba cha kujifungulia. Kila chakula kikifika, watu wa chumba kile wanamkaribisha Papa Idi, kama adabu inavyotaka. Kwa hiyo kwenye karatasi yake nikaandika kwa mkono wangu: "Anakula na majirani." Nikaridhika.

Mizani ya hospitali iliibwa wakati wa vita. Muuguzi mkuu wetu, Papa Losala, mzee wa kabila la Walokele aliyefanya kazi hii tangu mimi sijazaliwa, akaazima mizani ya kupimia kahawa kutoka kwa mfanyabiashara, ile yenye ubao chini na chuma cha kusogeza. Akanipa mimi kazi ya kupima wagonjwa wote kila Jumatatu. Nikajiona mkubwa! Nilinunua daftari, nikapiga mistari kwa rula. Jumatatu ya tatu Papa Idi alipanda ubaoni, nikasogeza chuma, nikaona ameongeza kilo nne. Mama, unamjua mwanao. Nilitangazia chumba kizima kama mwadhini. Watu wakapiga makofi, Mama Vero akasema kweli hewa ya hospitali inanenepesha, na Papa Idi akatabasamu, akasema asante.

Papa Losala hakupiga makofi. Alikuwa anatazama kidonda, na kidonda kilikuwa vile vile, kimepauka, hakitaki kufunga. Akaniita.

"Shabani, leta kidole yako. Weka hapa ku muundi. Finya, hesabu mpaka kumi. Sasa ondoa."

Niliondoa kidole, na shimo likabaki. Likabaki pale pale kwenye mguu wa Papa Idi kama umebonyeza lituma ya Mama Vero. Nikangoja lijae, halikujaa.

"Ile kilo ine yako ni mayi," akaniambia. "Mutu huyu anakufa na njaa, na wewe unamupigia makofi."

Nilikosa pa kuweka uso wangu. Ndipo nikaelezwa kwamba mtu akikosa chakula chenye nguvu kwa muda mrefu, samaki, karanga, maharage, maziwa, maji hutoka kwenye damu yakajaa miguuni na hata usoni. Anaonekana amenona, kumbe ndani hamna kitu. Na kidonda hakina cha kujijengea, dawa utakayoweka ni kama kupaka rangi ukuta uliooza.

Lakini anakufaje na njaa mtu anayekaribishwa na vyungu vitatu kwa siku? Papa Losala akasimama katikati ya chumba akauliza nani anampikia. Mama Vero akasema yeye anamwita kila siku, ila Papa anajibu ameshakula kwa mkulima. Mke wa mkulima akatoa macho: kwao amesema ameshakula kwa Mama Vero. Na mama mmoja wa kitanda cha dirishani akasema kwake amejibu hivyo hivyo, naye alidhani labda ni mambo ya dini, kwa kuwa Papa ni Mwislamu. "Samaki haina dini," Mama Vero akamkata.

Basi nikakaa kitandani kwa Papa Idi nikamuuliza kwa upole kwa nini alikuwa anatudanganya. Hakukasirika. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeuliza kwa nini mvua inalowesha.

"Mwana, mutu akikuita mara moya, ile ni eshima ya chakula tu. Akirudilia mara ya pili, ndo anakuita wewe. Apa akuna mutu aliyenirudilia."

Mama, nilifunga daftari langu. Maana ni kweli! Ndivyo ulivyotulea wewe mwenyewe. Si ulinifinya sikio kwa Bibi Zuhura nilipokimbilia sinia kwa kuitwa mara moja tu? Mtu wa adabu anakataa kwanza, anangoja abembelezwe. Na wenye chungu nao, baada ya vita hii, chakula ni kidogo, mtu akisema ameshiba wanashukuru Mungu kimoyomoyo na kufunika chungu. Hakuna mwenye kosa. Kila mtu alifanya adabu yake, na katikati ya adabu hizo mzee wa watu alikuwa akiishi kwa chai na ndizi moja, majuma matatu, mbele ya macho yangu na daftari langu lenye mistari.

Kilichofuata kilikuwa hatari nyingine. Wale wamama walipoona aibu, walileta vyungu vyote kwa mara moja: lituma, sombe ya majani ya muhogo, wali, kipande cha nyama ya porini. Kitanda kikawa soko. Papa Idi alishaanza kunyoosha mkono wakati Papa Losala alipojiweka kati yake na vyungu. Alisema amewaona watu waliotoka porini wakala shibe ya siku moja wakafa wakiwa na tonge mkononi. "Tumbo yake imelala," akasema. "Tusiyiamushe na fimbo."

Kwa hiyo tulianza na kikombe kidogo: maziwa ya unga yaliyoletwa na ndege, sukari, na kijiko cha mafuta, kila baada ya saa mbili na nusu. Haba na haba hujaza kibaba. Mlinzi wa kikombe nilikuwa mimi, na nilikuwa simtoki mpaka niione chini ya kikombe. Siku ya tano nikampima. Ameshuka kilo mbili! Siku ya nane, nyingine mbili. Nilikimbia kwa Papa Losala nikamwambia tunamuua. Akacheka mpaka akatoa miwani. Maji ndiyo yanayoondoka, akasema, sasa ndiyo tutamwona mtu mwenyewe. Na kweli, miguu ile minene ikabaki vijiti viwili. Nilikuwa nimeshangilia kilo za maji zilipoingia, na karibu nilie zilipotoka. Mizani haisemi uongo, Mama, ila ukiitegemea peke yake bila kidole utapotea.

Halafu tukaongeza chakula: uji wa karanga, samaki mkavu aliyetwangwa mpaka akawa unga, maharage yaliyopondwa. Mama Vero ndiye aliyepika, na alipika kwa ukali kama anamlipa mtu kisasi. Kilo zikaanza kurudi polepole, za nyama safari hii. Na Jumanne iliyopita nilifungua kitambaa cha kidonda nikaona pembeni kumekuwa kwekundu, kubichi, kunasogea katikati. Niliita chumba kizima waje kuona. Papa Idi akasema asante, halafu akaomba sindano na uzi, kwa sababu amechoka kutazama shuka zetu zilizochanika. Mama, nilitoka nje nikalia kwa furaha nyuma ya mafiga, na moshi ukanisaidia kuficha.

Sasa chumba chetu kina sheria mpya. Hatumuulizi mgonjwa "umekula?", maana swali hilo jibu lake ni adabu. Tunauliza umekula nini, umepewa na nani, nionyeshe sahani. Anayeingia anapimwa siku hiyo hiyo na anabonyezwa muundi. Asiye na ndugu anapewa chungu, na jina la mwenye chungu linaandikwa kwenye karatasi ya kitanda. Wamama wenyewe wamekubaliana kwamba kuita ni mara mbili, na mara ya pili sahani iwe imeshawekwa mapajani. Jana tumempata mwingine, kijana kutoka Masako mwenye kikohozi, kabla hajavimba hata kidogo.

Sasa Amina, weka barua chini kidogo. Sogea kwa Mama. Bonyeza muundi wake kwa kidole gumba, hesabu mpaka kumi, uondoe. Kama shimo linabaki, usingoje niandike tena. Kesho asubuhi mpeleke zahanati, maana miguu huvimba kwa sababu nyingi, hata moyo na figo, na lazima mtu wa kazi amtazame. Na kama ni hii ninayoijua, muanze kidogo kidogo, nimekueleza. Nimempa mzee wetu Tonton Kalume, anayepanda treni ya Ubundu wiki hii, makopo mawili ya maziwa na samaki mkavu.

Mama, nyumba ile ina midomo tisa tangu watoto wa marehemu Papa mdogo watoke porini. Nawajua, na nakujua wewe. Unagawa, unafuta chungu, wakikuuliza unasema umeshakula jikoni. Huko jikoni nimekaa nawe miaka yote ya utoto wangu, na sikumbuki kukuona ukila. Watoto wasikose kitu, lakini sahani yako ipakuliwe kwanza, na Amina akae nawe mpaka aione chini yake. Hilo simwombi, namwagiza, ingawa ameshakuwa mke wa mtu.

Nisalimie Bibi Zuhura, jirani yetu mwenye sinia, mwambie sikio bado linauma. Nisalimie mume wa Amina, na wale yatima wanne mmoja mmoja. Mjomba wangu kinyozi mwambie nimeota ndevu, asicheke.

Mama, katika barua iliyopita nilikuita kwenye chakula, ukasema umeshiba. Miezi miwili iliyopita ningekubali, kwa adabu.

Sasa nakuita mara ya pili. Kula, Mama.

Mwanao,
Shabani