Mtani Wangu Ameacha Kunitukana

Shangazi Niélé wa redio, nakusalimu, na watu wa nyumbani kwako, na watoto, na kazi, na uchovu wa kazi, na hapo naishia maana dada yangu amesimama nyuma yangu na amesema nikianza salamu upya ataichana na barua hii, zile nyingine alizozichana ziko uvunguni. Naomba msaada wako na naomba usome mpaka mwisho kabla ya kunigombeza, kwa sababu wewe ni mkali, na mama anasema ndiyo sababu anakusikiliza.

Mimi ni Assitan Coulibaly, nasoma darasa la nane hapa hapa Ségou, na majina yote unaweza kuyataja hewani, tumekubaliana nyumbani, jambo langu mji mzima unalijua. Nina ugonjwa unaonilazimisha kurudia mambo, si wazimu, Bi. Sangaré wa hospitali amenikataza kuuita wazimu, uko hivi, nikikutana na mtu namsalimu kama watu wote, umeamkaje, baba yako, mama yako, na nikifika kwenye neno mama kichwa kinanitupia picha ya mama yangu mwenyewe amelazwa amefunikwa shuka, basi hapo salamu imeshaharibika, na moyo unaniambia nikiiacha imeharibika mama atakufa kweli, kwa hiyo narudi mwanzo, umeamkaje, baba yako, mpaka nipite pale bila picha, na picha ikigoma kuondoka mimi nagoma nayo, na yule mtu anakwama hapo na mimi. Ikinishinda kabisa nakimbia nyumbani kumwangalia mama, namkuta anatia rangi vitambaa vyake, mikono ya bluu mpaka kwenye viwiko, ananiambia, "Niko hai, Assitan, rudi shule."

Mwanzoni hakuna aliyejua ni ugonjwa, na wewe unatujua sisi na salamu, wazee walinisifu mpaka nikaona haya. Mzee Bouaré, jirani yetu, alikuwa anawaita wajukuu zake waje kunitazama. "Mwoneni mtoto wa watu huyu! Ananiulizia mama yangu tena na tena, na mama yangu alishafariki, Mungu amrehemu! Ninyi mnanipita hapa kama mbuzi." Nilisifiwa hivyo mpaka Ijumaa moja nilipomshikilia langoni na salamu yangu akakosa sala, ndipo akaja kwa mama, kofia mkononi, akasema, "Mama Assitan, adabu ya mwanao imepita kiasi, hii sasa ni kitu kingine." Mzee huyo ndiye aliyetusukuma kwenda hospitali, namshukuru sana. Bi. Sangaré ananifundisha kuiacha salamu hivyo hivyo imeharibika, niondoke nayo, niivumilie hofu mpaka ipoe yenyewe, na inapoa, Shangazi, kwa watoto wadogo nimeshaweza, kwa walimu nusu nusu, kwa wazee bado.

Sasa nakuja kwenye shida yenyewe. Nina rafiki anaitwa Sokona Keïta, tunakaa dawati moja tangu tukiwa hatufikishi miguu chini, na yeye ni Keïta na mimi ni Coulibaly, sihitaji kukueleza watani walivyo, tangu tuanze kuzungumza hajawahi kuniita Assitan, kwake mimi ni mla kunde, tusi ambalo watani wametupa sisi Coulibaly wote. Nilipoanza kukwama kwenye salamu mlangoni mwa darasa alikuwa anapaza sauti, "Jamani Coulibaly na kunde zao! Tumbo limejaa upepo mpaka salamu inakwama njiani! Sukuma, mla kunde, sukuma, kengele imelia!" Darasa zima linacheka, na mimi nacheka, na mara nyingine katikati ya kicheko ile picha inapotea na salamu inapita. Kwa Sokona kosa lilikuwa la kunde, halikuwa la kichwa changu, na mimi nilipenda hivyo.

Halafu wapo wavulana wawili, hao si watani wetu wala nini, wakaanza kuniiga kwenye geti la shule, wanarudia salamu huku wanainama na kuinuka kama kuku, mama akaja kumwona Mwalimu Dembélé, na Mwalimu ni mtu mzuri, akafunga mlango akawaeleza wenzangu vizuri kabisa kwamba huu ni ugonjwa kama malaria, kwamba unatibika, na kwamba kuanzia leo hakuna wa kumcheka Assitan. Wavulana wakaacha, wakaniomba radhi, mmoja akaniletea andazi. Sina ugomvi na mtu, matibabu yanaendelea, hesabu napata, nyumbani tunacheka. Lakini Sokona naye ameacha. Nikikwama mlangoni ananisubiri pembeni na mikono ameikunja kama yuko msibani, ananiambia, "Pole, Assitan. Usijali, hatuna haraka." Ananiita Assitan! Mara ya kwanza niligeuka nyuma kuona anamwambia nani.

Juzi nikaona nimjaribu. Wakati wa mapumziko nilinunua bajia za kunde, nikaenda kusimama mbele yake, nikatafuna mdomo wazi. Coulibaly anakula kunde hadharani mbele ya Keïta, Shangazi, hata mtoto mchanga wa Keïta angesema neno! Sokona akazitazama zile bajia, nikaona kabisa midomo inamcheza, kisha akameza mate akaniambia, "Kunywa na maji, zisikukwame." Nilikwenda nyuma ya madarasa nikalia mpaka pua ikaziba.

Na Jumapili ijayo kaka yake Sokona anaoa. Sisi Coulibaly, kwa kuwa ni watani wao, ndio wa kwenda kufanya fujo, kukalia mkeka wa bwana harusi, kusema bibi harusi ni wetu, kukimbia na sufuria ya nyama, mimi na Sokona tuliipanga fujo hiyo tangu tukiwa wadogo, yeye alinde mlango, mimi nivamie. Sasa mama yake ametuma ujumbe kwamba mimi niketi chumba cha ndani na bibi wazee, penye utulivu, watu wasije wakanichosha na salamu. Mama yangu alishukuru karibu alie. Mimi sikula siku hiyo.

Mjomba wangu aliyeko Koutiala anasema niende nikasome kwake, huko hakuna anayenijua, nitaanza upya. Mama ameniachia niamue mwenyewe kabla ya harusi. Niende, Shangazi? Au nibaki na watu hawa ambao hawajanikosea kitu, mpaka hata kulalamika siwezi, nitasema nini, kwamba rafiki yangu ananiheshimu?

Ni mimi, Assitan Coulibaly, Ségou.

Jibu la Shangazi Niélé

We mla kunde,

Barua yako nimeisoma madirisha yakiwa wazi, maana najua ilikotoka. Umesahau unamwandikia nani? Mimi ni Niélé Keïta, jina langu linatajwa kila kipindi kinapoanza, na wewe Coulibaly mzima umenijazia kurasa zote hizi bila kunitupia hata tusi moja. Umenisalimia mpaka na uchovu wa kazi! Wazazi wako wamekulea vibaya.

Umecheka? Haya, sasa futa pua tuzungumze.

Kwanza, hukukosea kulia. Mwanangu, mimi ningelia zaidi. Wamekutendea wema, lakini wema wenyewe ni ule anaotendewa mgeni, wa kutandikiwa mkeka safi na kusemeshwa kwa sauti ya chini. Mwalimu Dembélé alifanya kazi yake, nampongeza, wale wavulana walistahili kukomeshwa, na wakirudia tena mwambie siku hiyo hiyo. Ila aliwafunga midomo wote pamoja, mwenye kudhihaki na mtani, na hapo ndipo jambo lilipoharibika. Mtani hanyamazishwi na ugonjwa. Hanyamazishwi hata na kifo. Siku tunamzika mume wangu, alikuja mzee mmoja Coulibaly, akajilaza kwenye mkeka ambao ndugu walikuwa wakae, akasema haondoki mpaka apewe kanzu nzuri ya marehemu, kwa sababu marehemu alikuwa mchoyo na sasa hana wa kumkataza. Watu walishikwa na kicheko na mimi nikiwemo. Ilikuwa siku yangu mbaya kuliko zote, na mtu aliyenirudisha miongoni mwa watu ni huyo mla kunde, wala hakuniambia pole. Kwa hiyo nakuelewa, Assitan. Unachokililia nakijua.

Lakini na wewe nawe! Barua nzima unanieleza Sokona alisema hivi, Sokona hasemi tena vile. Wewe umemwambia nini? Nimetafuta mstari kwa mstari, sijaona mahali ulipomtukana yule mtoto tangu mwalimu azungumze. Ulisimama mbele yake na bajia, ukatafuna, ukangoja. Kwani wewe ni picha ya ukutani? Utani ni wa watu wawili, mmoja akinyamaza mwingine anajua amemuumiza. Mwenzako ameambiwa na mwalimu asikucheke, ni mtoto mtiifu, anameza mate kila siku kwa ajili yako, na anadhani hiyo ndiyo heshima unayoitaka. Unafikiri yeye hamkumbuki mla kunde wake? Wa kumfungulia ni wewe. Hukumfungulia, ukaenda kulia nyuma ya madarasa. Acha mambo hayo.

Koutiala nenda likizo, ukamsalimie mjomba. Kuhamia, hapana. Ugonjwa wako utapanda basi pamoja na wewe na utashuka kabla ya begi lako, na huko utaanza kuficha, na mwenye kuficha hatibiwi. Hapa una Bi. Sangaré, una Mzee Bouaré aliyekosa sala kwa ajili yako na bado akakutakia mema, una mwalimu mwenye akili. Mji gani mwingine utakupa hao? Fuata anayokufundisha Bi. Sangaré, hata kwa wazee, taratibu kama mlivyopanga. Ile picha ni picha tu. Salamu yako ikiwa nzuri haimwongezei mama uhai, na ikiharibika haimpunguzii. Najua moyo wako haukubali kusikia hivyo, ndiyo maana unafanya mazoezi. Na wewe Mama Assitan, najua unasikiliza: akija mbio kukutazama, usimwambie tena uko hai, kwani haoni? Mpe kitambaa akikamue, kisha arudi shule. Muulize Bi. Sangaré kama nimekosea.

Jumapili hukai chumba cha ndani. Bibi wale ninawajua, wawili ni shangazi zangu, watakulalia begani. Unaingia kwa mlango wa mbele, unasalimu mara moja. Picha ikija, iache ije, iingie nayo harusini, ikae ilipo, wewe pita. Kisha nenda moja kwa moja kwenye mkeka wa bwana harusi ukakae katikati na viatu vyako. Hujui la kusema? Mungu anisamehe kwa kuusaliti ukoo wangu: waulize Keïta nani amewapa ruhusa ya kuoa bila kuwauliza mabwana zao, yaani ninyi Coulibaly. Sema wamekopa mpaka masikio ya bwana harusi, ona yalivyo makubwa. Sema ubwabwa wao una mchanga. Ukikwama katikati ya tusi, kwama, watakungoja, na ninavyowajua Keïta wenzangu hawatakungoja kimya.

Ukishamaliza hapo mtazame Sokona usoni, na usiseme neno jingine.

Na wewe Sokona Keïta, mdogo wangu, najua redio ya kwenu haizimwi. Ulimtii mwalimu, umefanya vizuri, hakuna atakayekulaumu. Lakini katika ukoo wetu mimi ni mkubwa wako, na leo nakufungua mdomo mbele ya Ségou nzima. Pole zako wawekee wageni wa Jumapili. Huyo mla kunde ni wetu. Mtukane.