Uso Wangu Ndio Uliojibu

Mpendwa Kogo, bibi yangu,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Mimi nilijua kabla ya wote kwamba maneno yamekutoka. Kuongea uliongea kidogo, lakini kuelewa hukuelewa tena. Nilikusaidia kuficha, na mwishowe nikaitumia siri hiyo kukutoa nyumbani.

Nakuandikia nikijua kwamba hukuwahi kujifunza kusoma. Hata nikikusomea kwa Kipsigis, lugha uliyonifundishia kuhesabu vifaranga, utasikia sauti tu.

Asubuhi ile mvua za masika zilipoanza, ulikuwa jikoni ukipukuchua mahindi, nami nimeketi mbele yako na kitabu. Baba aliingia akavua kofia. Akasema, "Mama, yule ng'ombe wako mweusi amekufa. Tumbo lilimvimba." Ulimtazama mwanao, ukatabasamu, ukasema, "Ee, vizuri." Baba alitoka, nikamsikia akimwambia Mama nje, "Mama yangu ana imani. Mimi ningelia."

Lakini kichwani mwangu kitu kilijikwaa, kama mguu unaotafuta ngazi ambayo haipo. Nilikuwa nimeelewa kila neno, na bado nilihisi kama mtu aliyepotea, kwa sababu wewe ulikuwa umepotea karibu yangu. Ukageuka, ukaniona uso. Tabasamu lako likaisha polepole, ukaanza kusikitika bila kujua unasikitikia nini.

Baadaye nilikujaribu, na hilo naona aibu kuliandika. Nilikwambia huku nacheka kwamba nimeanguka hesabu. Ukacheka pamoja nami. Nikakunja uso nikakwambia nimekuwa wa kwanza kwa Kiswahili. Ukanishika mkono ukanipapasa.

Shuleni nilimuuliza mwalimu wa bayolojia kama mtu anaweza kuhisi kutoelewa kwa mwingine. Darasa lilicheka. Kijana mmoja nyuma akasema, "Huyu sasa anasikia mpaka ya majirani." Mwalimu hakucheka. Alisema ubongo haujali tu kama wewe umeelewa. Hufuatilia pia kama aliye karibu nawe ameelewa, hata bila wewe kuuagiza. Alisema ndiyo maana mzaha unakosa ladha ukisimuliwa mbele ya mgeni asiyejua lugha. Nilitaka kumwambia habari zako. Nikaandika tu kwenye daftari, nikaketi.

Tangu hapo nikawa nakaa mahali unaponiona. Jirani yetu Mama Chebet alipopita akitoka kituo cha kuuzia majani ya chai, akasema, "Leo karani amerudisha majani ya mume wangu. Ati ni magumu kama aliyeyachuma," nilicheka mapema, nawe ukafuata. Alifurahi sana. "Kogo, wewe na huyu mjukuu ni kama ng'ombe na ndama, mnageuka pamoja." Hakuna aliyeshangaa. Kanisani hukunihitaji, kwa kuwa nyimbo hazikukutoka. Uliimba beti zote, na akina mama wakasema bado una nguvu.

Nilidhani ninakulinda. Sikufikiria kwamba kama ningesema, labda daktari angekuona mapema. Sasa nafikiria kila siku.

Halafu nilichoka, Kogo. Likizo ya Agosti nilitaka kusoma. Kila nilipoinamisha kichwa ulikuja ukakaa mbele yangu, ukainama kunitafuta macho. Mgeni akibisha hodi, ulinitazama mimi kwanza. Nikianza ukurasa, naurudia mara nne. Siku moja nilikugeuzia mgongo makusudi, na nikakusikia nyuma yangu ukisema "ee, ee" kwa mtu aliyekuuliza kama umekula au bado.

Wiki hiyo baba mkubwa alikuja kutoka Londiani. Tulikaa sebuleni sote. Alikuongelesha kwa heshima, sina la kumlaumu. "Mama, hawa wanashinda shambani. Njoo ukae na sisi. Utaota moto, utakula viazi mpaka uchoke. Lakini sikuchukui kama hutaki. Useme mwenyewe."

Ukanitafuta kwa macho. Nilihisi kile kitu kikijikwaa kichwani, kwa nguvu kuliko siku zote. Nilijua hujui unaulizwa nini. Nilijua pia kwamba nikikunja uso, utakataa.

Nikatabasamu na kutikisa kichwa kukubali. Ukatikisa chako. "Ee," ukasema, "vizuri." Baba mkubwa akafuta macho akasema Mungu ni mwema. Haikuwa bahati mbaya, Kogo. Nilitaka uende.

Sasa nina nafasi yote ya kusoma na hakuna kinachoingia. Kila Jumapili baba mkubwa hupiga simu. Jumapili iliyopita Baba aliiweka simu mezani tusikie. "Mama amekuwa mkaidi. Anachukua kikapu chake, anaenda kukaa barabarani. Tukimwambia arudi anasema ee, na haondoki. Juzi amenyeshewa. Mke wangu anaona ni kiburi, hata hawaongei siku hizi. Na si alikubali mwenyewe?"

Baba akasema, "Alikubali. Sote tuliona."

Mimi nilikuwa nimeshika sahani. Nyumba nzima huko inakusemesha, na hakuna hata mmoja anayehisi kwamba hufuati. Wanapaza sauti, nawe unazunguka uso baada ya uso na zote zimekasirika. Huenda unadhani umekosea jambo. Huenda unadhani ni mimi niliyekukasirikia kwanza, siku ile nilipokupa mgongo. Sina njia ya kukueleza, kwa kuwa njia ya kueleza ndiyo uliyopoteza, na nilipokuwa na uso wa kukuongoza niliutumia kukudanganya. Hata ukirudi leo, sijui kama utaniamini nikicheka.

Niliiacha barua hii hapa nikaenda zizini. Baba alikuwa akikamua. Nilimwambia kwamba Kogo haelewi maneno, na kwamba najua tangu masika. Hakuinua kichwa. "Na siku ya baba mkubwa?" Nikamwambia nilitikisa kichwa changu kwanza ili naye atikise. Aliuliza kwa nini. Nikasema nilitaka kusoma. Alikamua mpaka mwisho, akamfungua ndama, akampigia baba mkubwa simu palepale. "Mama haelewi tunachosema," alisema. "Hapana, si masikio." Kisha akaninyooshea simu bila kunitazama, nami nikayarudia yote kwa baba mkubwa, tangu mwanzo. Nilipomaliza niliuliza kama umeingia ndani. Akasema bado uko barabarani.

Kwaheri, Kogo. Nimekukosea.

Mjukuu wako