Jasho la Baba kwenye Hitma

Kiongoroni, Kibiti
22 Agosti 2021

Mpendwa Baba Mdogo Gharibu,

Shikamoo. Hali yako huko Muscat, na goti lako? Mama Mdogo Maryam hajambo? Sisi tunapumua vizuri, alhamdulillahi, na mwaka huu hilo ni neno kubwa.

Nimeupata ujumbe wako, kwamba wagonjwa wa saratani ya tezi dume wanaochomwa sindano za kupunguza homoni za kiume, kama Baba, hawapati korona. Nilimuuliza daktari wake. Anasema wataalamu wanalichunguza, ila halijathibitika. Sindano ni ya saratani. Barakoa avae kama wengine. Tafadhali usiwasambazie watu.

Lakini nililotaka kukuandikia ni jingine. Sindano zile humpandisha Baba joto la ghafla, jasho likamchuruzika hata akiwa amekaa kivulini. Hapa kijijini hakuna aliyejua ugonjwa wake. Alikuwa ameanza kusema ataziacha, kuliko watu wajue wakamwona si mwanaume tena. Nilikuwa nikijifungia chumbani nalia, simwambii mtu.

Ijumaa ya tarehe 13 kulikuwa na hitma kwa jirani. Nilikuwa jikoni na wanawake, naona uani. Baba alikuwa kwenye sinia la wali na wenzake, joto likampanda. Walipoliona jasho, wakarudisha mikono mmoja mmoja, sinia likabaki lake peke yake.

Mzee Abbasi, mtani wake, akapaza sauti akimwita Baba kwa jina: "Mtoro, kama ni korona nenda kwako, usitumalize!"

Baba akasimama. "Si korona. Nina saratani ya tezi dume. Nachomwa sindano, ndizo zinazonitoa jasho. Na nitaendelea kuchomwa."

Abbasi akadakia: "Kumbe jasho la wanawake waliokoma siku zao! Hamia jikoni basi, bibi!"

"Nahamia. Nawe unayeamka usiku kucha kwenda kukojoa, nitakuwekea nafasi."

Uani wote ulicheka. Abbasi alicheka mwishoni, tena kidogo.

Mimi nilisimama na upawa mkononi. Nimesoma mpaka chuo, Baba Mdogo, na sijasikia maneno machache yenye uzito kama yale. Nilitaka kuwaambia wote kwamba yule ni baba yangu. Sikuweza, ndiyo maana nakuambia wewe.

Jumatatu iliyofuata Baba alipanda boti ya Nyamisati kwenda kuchomwa sindano. Abbasi alikuwa ameshakaa ndani, barakoa imemfunika mpaka machoni, naye anakwenda kupima tezi dume.

Daktari amesema ndugu wa damu wa Baba nao wapime, nawe umeshapita hamsini. Baba ameniagiza nikuandikie hivi hivi: "Mwambie Gharibu asione haya. Haya ya ukoo mzima nimeshaiona mimi."

Nisalimie Mama Mdogo, Yasmin na Twalha. Mama na Bibi Mwajabu wanakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako. Ukinijibu, anza na majibu ya kipimo, salamu zitafuata.

Mwanao akupendaye,
Nasra