Neno la Siri la Halfani

Kikuyu, Dodoma
16 Machi, 2003

Mpendwa Dada Loisi,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wote hapo Mpwapwa. Magoti yako yanaendeleaje tangu uanze ile dawa ya kuchua? Sisi hapa tunaendelea. Mke wangu Zipora ana kikohozi cha vumbi, lakini shambani anakwenda na kanisani anaimba. Mvua ilikatika mapema, mahindi yamenyauka, na uwele ndio uliovumilia. Hatulii njaa, ila mwaka huu usitegemee gunia kutoka kwetu.

Barua hii anakuletea mwinjilisti Gerson. Nimeipaka gundi pande zote nne, kwa hiyo ukiikuta imefunguka, ujue kuna mtu ameisoma. Nakuomba uisome peke yako kwanza.

Uliniuliza kwa nini Halfani hakuja nami kwenye maziko ya mama mkwe wako, yeye ambaye hajawahi kukosa msiba wetu hata mmoja. Nilikujibu kwamba ana homa. Hakuwa na homa, dada.

Unakumbuka tulivyoanza. Shirika lilipopunguza watu mwaka tisini na tano, mimi seremala na yeye karani wa stoo tulitolewa siku moja kwa lango moja. Mimi nikarudia ufundi wa baba wa kutengeneza ilimba, vile visanduku vya muziki vyenye vyuma vya kupiga kwa vidole gumba, yeye akachukua kazi ya kuziuza. Bunge likikaa, alizunguka hoteli na nyumba za wageni akiwa na ilimba mbili mikononi, anazipiga hovyo kabisa, watu wanacheka, kisha wananunua. Mimi sijui kuongea na watu. Bila yeye ningekuwa nimekaa na visanduku vyangu mpaka mchwa wavile.

Miaka ilivyokwenda, mauzo yakalegea. Mji ulijaa vitu vya nje, na aliyetaka muziki alinunua redio ya kaseti. Ndipo Agosti ya mwaka juzi Halfani alipokuja karakanani na karatasi aliyoibandua ukutani huko Makole. Duka moja la intaneti lilikuwa linafundisha kompyuta kwa wiki tatu. Alisema twende wote wawili. Alisema siku hizi mtu wa Ulaya anaweza kuona ilimba yetu akiwa amekaa kwake, akaandika barua ikafika hapa kabla chai haijapoa. Nikamwambia mimi nina miaka arobaini na tisa, na kitu nisichoweza kukishika kwa mkono sikiamini. Alinibembeleza siku tatu, mwishowe akaenda peke yake.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanza. Alirudi na maneno mapya, akaanza kuniuliza vitu ambavyo hakuwahi kujali. Huu mti ni mti gani? Vyuma hivi unavifua mpaka viwe vyembamba kiasi gani? Akaleta mtu mwenye kamera apige picha mikono yangu. Sikuelewa kwa nini mikono. Nilijiuliza mwenyewe: kama anauza ilimba, kwa nini apige picha mikono isipokuwa anauza ufundi? Nikimpitia kule dukani namkuta na Priska, binti anayehudumia pale, wameinamia kioo wanacheka. Nikifika wananyamaza. Sasa naona walinyamaza ili kunisalimia, lakini wakati ule sikuona hivyo.

Siku moja aliniuliza ni nini kile cheupe tunachobandika kwenye tundu la sanduku, kinachofanya sauti itetemeke. Wewe unajua, dada, maana baba alitufundisha sisi wawili tu: ni ule utando buibui anaofunikia mayai yake ukutani. Nilimtazama Halfani usoni nikamwambia ni karatasi ya sigara. Akaiandika kwenye daftari lake akanishukuru.

Basi nikaamua kumchunguza. Nilijua siwezi kumchunguza mtu kwa kitu nisichokijua, kwa hiyo nikatafuta duka jingine, Area D, ambako hakuna anayenifahamu. Pale nilifundishwa na Elieth, mwanafunzi wa chuo. Nilimdanganya kwamba mwanangu anasoma Mwanza na ninataka kumwandikia. Wiki ya kwanza nilikuwa natafuta herufi kama kuku anavyotafuta punje kwenye mchanga. Kile kipanya kilinitoroka mezani. Wavulana wadogo kuliko mwanangu walikuwa wananisubiri nimalize. Lakini hasira ilinishika nikang'ang'ana, na baada ya miezi miwili niliweza kuandika barua pepe nzima bila kumwita Elieth. Kwa Zipora nilikuwa nasema ninakwenda kutafuta mbao. Naye akaanza kunihisi, maana kila siku natafuta mbao na kila siku narudi bila ubao. Mwishowe aliniuliza waziwazi huyo mwanamke wa Area D anaitwa nani. Nilicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomuumiza zaidi.

Neno la siri la Halfani sikulitafuta mbali. Alikuwa amelikwaruza kwa penseli ukutani mwa karakana, juu ya benchi langu, ili asilisahau. Sikujiuliza ni mwizi gani anayeandika siri yake mbele ya macho ya anayemwibia.

Niliingia kwenye sanduku lake la barua Jumanne moja mchana. Nilisoma kila kitu, kwa Kiingereza changu cha darasani na kamusi ya Elieth. Dada, katika kila barua Halfani alikuwa ameandika jina langu. Fundi Yotham wa Dodoma, aliyefundishwa na baba yake. Picha ya mikono yangu ilikuwa juu ya ukurasa aliowatumia wateja, na jina langu chini yake. Jina lake halikuwepo.

Kisha nikafikia barua za mama mmoja, mwalimu wa muziki wa Norwe. Alikuwa amenunua ilimba moja, ule utando ukapasuka, akauliza afanye nini. Halfani alimjibu abandike karatasi ya sigara. Mama yule alibandika, sauti haikutetemeka. Akauliza tena, na mara ya tatu akaandika kwamba anaona amedanganywa na atawaambia wenzake. Halfani alikuwa amekuja kuniuliza upya mara mbili, na mara zote mbili nilimwambia atafute sigara ya aina nyingine.

Nilifungua tena barua ya mwisho ya yule mwalimu. Hatimaye nikaandika. Nilimweleza habari ya buibui, nikamwambia atazame nyuma ya kabati au stoo, autoe utando polepole kwa ncha ya kisu, aubandike kwa mate na gundi kidogo. Chini nikaandika jina la Halfani. Baada ya siku nne alijibu kwamba ameupata kwenye chumba cha kuni na ilimba imelia. Akaagiza nyingine za shule nzima, na wenzake nao wakaanza kuandika. Kuanzia hapo nilikuwa naingia kila wiki. Kila aliyeuliza la ufundi, nilimjibu mimi. Biashara ikasimama, nawe uliona tulivyoezeka bati.

Ungefikiri ningemwambia Halfani. Sikuweza, maana ningeanzia wapi? Naye hakuwa mjinga. Aliona barua ambazo hakuziandika. Mtu pekee aliyejua neno lake na kuweza kulitumia, kwa hesabu yake, ni Priska aliyemfungulia sanduku lile. Alimwuliza, Priska akakana. Halfani akaenda kwa mwenye duka, bwana Sostenes, na Priska akafukuzwa siku hiyohiyo mbele ya wateja, kwamba anasoma barua za watu.

Halfani alikuja kunisimulia nikiwa napiga randa. Alikuwa na huzuni, hakuwa na hasira. Alisema hakutegemea binti yule amfanyie hivyo. Sasa hili ndilo ninaloungama kwako, dada, kabla hujalisikia kwa mtu mwingine. Nilimwambia, "Watu wa siku hizi si wa kuaminiwa." Nikaendelea kupiga randa. Nilinyamaza wiki tatu, nami najua kwamba Priska ndiye anayemlisha mama yake huko Bahi.

Zipora ndiye aliyenitoa mafichoni. Siku moja alinifuata hadi Area D, akaniona kupitia dirishani nikiandika. Nyumbani nilimweleza yote. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba afadhali ingekuwa mwanamke, maana hapo angeumia yeye peke yake.

Kesho yake nilikwenda kwa Halfani. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama. Aliniuliza swali moja.

"Uliponiambia karatasi ya sigara, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Aliingia ndani akafunga mlango. Sikumlaumu.

Kwa Priska nilikwenda na Zipora. Alituandalia viti, akasema shikamoo kama kawaida, jambo lililonizidishia aibu. Nilimwambia nitaongea na Sostenes amrudishe. Alisema hataki kurudi pale, ila waliomwona akifukuzwa wamwone akisafishwa. Kwa hiyo nilikwenda naye Makole siku ya gulio, duka likiwa limejaa, nikakaa kwenye kompyuta nikaandika kwa vidole vyangu mwenyewe kwamba mimi Yotham ndiye niliyesoma na kujibu barua za Halfani, na Priska hakuhusika. Priska alisimama nyuma ya kiti akinisahihisha herufi. Sostenes aliichapisha barua hiyo akaibandika mlangoni. Ipo mpaka leo, na kila anayeingia anaisoma. Sasa Priska anataka kufungua darasa lake mwenyewe, na mimi nimemtengenezea meza.

Halfani hakuja karakanani kwa mwezi mzima. Wiki iliyopita alikuja. Alisimama mlangoni na daftari, akasema mteja mmoja anauliza namna ya kutunza vyuma visishike kutu. Nilimweleza yote, hata yale ambayo baba alisema tusiseme. Aliandika neno kwa neno. Kisha akasema kwamba kabla hajamjibu mteja, atakwenda Chamwino kumwuliza fundi mwingine kama ni kweli.

Nilimwambia ni sawa, amwulize. Alikwenda kweli, dada. Nilimwona akipanda basi.

Usimwandikie kuniombea msamaha, maana ataona nimekutuma. Msalimie shemeji, wasalimie watoto wa Anna, na mwambie Anna asisahau kunirudishia kamusi ile ya Kiingereza, maana sasa naihitaji. Zipora anakusalimu na anasema utunze magoti. Ukijibu, andika yote unayofikiri, hata kama ni makali.

Ni mimi mdogo wako,
Yotham