Chumba cha Gemu Usikipangishe, Mama

Doha,
Ijumaa, baada ya misa (huku husaliwa Ijumaa)

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Ukishaitikia, kaa kwanza kwenye kigoda chako na uvae miwani, maana barua hii ni ndefu na sitaki uisome umesimama huku wali unaungua jikoni. Goti linaendeleaje? Neema anasema ukiulizwa unajibu "halijambo", kama vile goti ni mgeni aliyepita kusalimia. Mvua za huko zimekuaje? Mpunga wa Mngeta umeshatoa masuke, au bado unakuringia? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini usianze kuhangaika, ni joto la huku tu, na chakula cha kambini ambacho pilipili ni nyingi kuliko mchele.

Barua hii inaletwa na mwenzangu wa Morogoro anayekuja likizo. Ningeweza kupiga simu, lakini tukipigiana simu wewe unaniuliza nimekula nini, mimi nakuuliza goti, halafu mtandao unakatika na la maana halijasemwa.

La maana ni hili. Neema alinitumia ujumbe kwamba kuna fundi cherehani anataka kupanga chumba cha mbele, kile tulichokuwa tunakiita chumba cha gemu, na kwamba wewe umekataa kumjibu mpaka mimi niseme. Akaniuliza ile mashine ya gemu na ile runinga vipelekwe wapi. Nikamuuliza, kwani mama amepungukiwa na nini mpaka apangishe? Akasema hujapungukiwa na kitu. Ila yeye akishaolewa na kwenda Mlimba baada ya mavuno, utabaki peke yako ndani ya nyumba, na ulimwambia hivi: "Kodi yake wala siitaki. Nataka tu usiku nisikie mtu anakohoa."

Mama, maneno hayo niliyasoma nikiwa kazini, nimevaa sare. Alikuja mteja, akasimama mbele yangu akisubiri nimfungulie mlango, na mimi nikawa namtazama tu.

Nilikwambia mimi ni mlinzi kwenye jengo kubwa la maduka, lakini sikukwambia nasimama wapi hasa, kwa sababu nilijua utacheka mpaka kanga ikudondoke. Nasimama kwenye mlango wa duka la gemu. Ndiyo, mama. Yule uliyekuwa unamtoa kwenye gemu kwa mwiko ili aje kula, leo analipwa kusimama karibu nazo. Mashine za siku hizi ni nyeupe, safi, hazina hata sehemu ya kutia CD nyingine, gemu inashuka yenyewe kutoka hewani. Watoto wanakuja na baba zao, wananyoosha kidole, wanafungiwa, wanaondoka. Hakuna anayebishana na mwenzake. Hakuna anayesema "zamu yangu". Nasimama pale nawaona wanavyobeba maboksi yao kimya kimya na nawaonea huruma, nani ataamini?

Maana mimi naikumbuka ile yetu siku ilipoingia. Mjomba alitoka nayo kwenye mashamba ya miwa, imefungwa ndani ya shuka, nyeusi, imekwanguka pembeni kama sufuria ya shughuli. Alikuwa amenunua kwa mfanyakazi mwenzake aliyekuwa anahama. Majirani wote wa Viwanja Sitini walijua utaikataa. Mama wa kwaya, mjane, mkali, atakubali watoto wakeshe mbele ya runinga? Na wewe ukaipokea, ukaifuta vumbi kwa upande wa kanga, ukasema kuanzia leo sitaki kumwona mtoto mtoni.

Tulikuwa wadogo, hatukuelewa. Tulifikiri tumekuzidi ujanja. Mwaka ule maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mitaro ya barabarani, na sisi kazi yetu ilikuwa kwenda kuogelea na kurudi na nywele zenye mchanga tukikuapia kwamba tulikuwa shuleni. Jirani alipokuja kukusema, kwamba watoto wako wataharibika macho kwa hilo dude, nilikusikia kutoka dirishani. Ulimwambia, "Bora waharibike macho, mamba hali macho peke yake." Jirani hakurudi tena na hoja hiyo.

Basi nyumba ikajaa. Watoto wa mtaa mzima, ndala zimetapakaa mlangoni utadhani kuna msiba. Na wewe ukaweka sheria zako. Hakuna kushika pedi ya kuchezea kabla ya kusema shikamoo. Hakuna matusi ukifungwa goli. Na kila anayekuja aje na ndoo ya maji. Kwenye vibanda vya mjini wenzetu walilipa hela, kwako walilipa maji, na mapipa yako yakawa yanafurika hata kiangazi. Mpaka leo nikisikia mlio ule wa gemu ya mpira inapofunguka, pua yangu inasikia harufu ya sakafu yenye maji yaliyomwagika.

Unakumbuka ilivyokuwa inagoma kusoma CD? Tunaifuta CD kwa shati, tunaipuliza, tunaomba Mungu, mwishowe tunaipindua mashine kichwa chini miguu juu na inakubali. Ukapita siku moja na ungo wa mchele ukatukuta tumeinama tumeizunguka. Ukauliza, "Nyie, mnaizaa au mnaizika?" Na umeme ukikatika timu yangu inaongoza, nilikuwa natoka nje kulia kwa siri nyuma ya choo. Hata ulipotupeleka shamba kuamia ndege wasile mpunga, mimi nilikaa juu ya dungu nikiwa nacheza kichwani. Kwelea wakala upande wote wa mashariki, na wewe ukafikiri nimelala.

Lakini ninayoikumbuka kuliko zote ni ile siku ya gari jekundu. Nina hakika wewe umeshaisahau.

Nilikuwa na malaria, sikwenda shule, na wewe hukwenda shamba ili unikalie. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka pale chumba cha mbele, natetemeka, na nilikuwa nalia si kwa sababu ya homa, nalia kwa sababu mikono haina nguvu ya kushika pedi. Ukasema, "Basi nyamaza, nitacheza mimi, wewe utazame." Nikaacha kulia palepale kwa mshangao. Ukaniambia nikuwekee ya magari, ile ya mpira ina watu wengi utachanganyikiwa. Ukachagua gari jekundu kwa sababu linafanana na lile la paroko.

Wenzako wote wakaondoka kama wamefukuzwa na nyuki. Wewe ukaondoka taratibu. Kwenye kona unapunguza mwendo, kwenye daraja unapunguza mwendo, ukiona maua kandokando unayasifu. Watoto waliotoka shule wakaanza kujaa dirishani. Hukugonga hata mti. Ukapita mlima, ukapita msitu, halafu ukasema, "Haya, tumetembea, inatosha." Ukageuza gari.

Mshale mwekundu ukaanza kumulika kwenye kioo, mkubwa, kukuonyesha kwamba unakwenda kinyume. Watoto dirishani wakapiga makelele, "Mama Fadhili, siko huko! Siko huko!" Magari mengine yakawa yanakuja yanakutazama uso kwa uso na wewe unayapisha pembeni, unayaambia piteni, piteni. Mimi nikainuka kwenye mkeka, nikakwambia, "Mama, hapana kugeuza. Ukiendelea mbele tu utafika palepale ulipoanzia."

Ukanitazama kama vile homa imenipanda kichwani. "Barabara gani hiyo? Mimi nimekwenda Mlimba, nimekwenda Mngeta, nimekwenda mpaka Morogoro. Sijaona barabara ya kukurudisha nyumbani kwa kuendelea kwenda mbele. Anayetaka kurudi anageuza."

Ukalirudisha lile gari polepole, mshale unamulika, watoto wanagaragara kwa kicheko, mpaka kwenye ule mstari wa mwanzo. Ukaliegesha vizuri pembeni. Ukanipa pedi. Runinga ikaandika kwamba umeshindwa. Nikakusomea, ukasema, "Nimeshindwaje na nimefika?" Ukaenda kunipikia uji. Mtaa mzima ulikutania mwezi mzima, na wewe ulicheka nao.

Sasa nikwambie kwa nini nimeikumbuka.

Msimamizi wetu ameniletea mkataba mwingine wa miaka miwili, safari hii na cheo juu yake, niwe kiongozi wa walinzi wa zamu. Wenzangu wote wameshanipongeza. Moses, Mganda ninayelala naye chumba kimoja, ameshaanza kuniita bosi. Mara ya kwanza niliposaini, mama, nilijiambia nikimaliza huu narudi. Mara ya pili nikajiambia ngoja nimalize na huu wa pili, ndiyo nirudi vizuri. Na huu nao nilikuwa nimeshaanza kujiambia hivyo hivyo. Nilikuwa naamini nikikazana tu kwenda mbele, siku moja nitajikuta niko nyumbani Ifakara.

Ujumbe wa Neema ulinikuta hapo.

Mimi na Moses tuna mashine yetu chumbani, tuliinunua kwa Mfilipino aliyemaliza muda wake, na siku za mapumziko ndiyo sherehe yetu. Basi siku hiyo tukaweka gemu ya magari, mpya kabisa, majani yanatikisika, lami inang'aa kwa mvua, ukiiona utasema ni dirisha. Nikachagua jekundu. Nikaenda taratibu kama wewe, Moses akanipita, akanizunguka, akanipita tena. Halafu nikageuza.

Unajua ilifanyaje? Kioo kikawa cheusi kidogo, kikarudi, na gari langu likawa linatazama mbele tena. Nikageuza tena. Ikanigeuza tena. Moses akasema, "Fadhili, siku hizi haikubali hiyo. Inakurekebisha yenyewe." Nikajaribu mara nyingi, mama, mpaka Moses akaacha kucheka. Akaniuliza nina nini. Nikaweka pedi chini na machozi yakanitoka, mtu mzima na ndevu zangu. Nikamweleza habari yako na lile gari la paroko. Akasema, "Mama yako alikuwa na mashine nzuri."

Kesho yake nilikwenda kwa msimamizi. Ni mtu mwema, sina neno baya juu yake. Akaniuliza, "Umepata kazi nyingine?" Nikasema hapana. "Kuna mgonjwa nyumbani?" Nikasema hapana. "Sasa unaondoka kwa sababu gani?" Sikuwa na Kiingereza cha kumweleza habari ya mtu kukohoa. Nikamwambia mama yangu ananisubiri. Akanitazama, akautia mkataba kwenye droo, akasema nimalizie miezi iliyobaki, tiketi itatoka.

Sitakudanganya, naogopa. Sijui wenye mtaa watasemaje wakiniona nimeshuka na begi moja na boksi la gemu. Sijui kama mgongo huu uliozoea kusimama kwenye kiyoyozi bado unajua kuinama shambani. Nimefikiria kufungua kibanda cha gemu kule karibu na soko, na kutengeneza pedi na mashine zilizokufa, maana hilo nalijua vizuri, hapa kambini nimefungua na kufunga mashine za nusu ya walinzi. Tutaongea nikifika. Lakini jua tu kwamba kila mtu hapa ananiambia siko huko, Fadhili, siko huko, na mimi nawapisha pembeni wapite.

Ile mashine yetu msiitoe. Mwambie Neema aifunike kwa kitambaa, panya wasile waya. Ikigoma nikifika, nakumbuka namna ya kuipindua.

Nisalimie mjomba wa mashamba ya miwa, mwambie shuka lake alilofungia lile dude bado tunalo, tena ndilo pazia la jikoni. Msalimie jirani yetu aliyeogopa macho yetu yataharibika, mwambie naona mpaka Ifakara. Wasalimie wanakwaya wenzako. Shemeji mtarajiwa wa Mlimba mwambie anitunzie Neema, na mimi nitakuwepo siku ya harusi, nitambana kwa maswali mbele ya wazee.

Na yule fundi cherehani msalimie pia, ingawa simjui. Mwambie asinune, nitampelekea suruali mbili za kupunguza kiuno. Ila chumba cha mbele kina mwenyewe. Na huyo mwenyewe anakohoa vibaya sana, mama, hasa alfajiri za baridi. Utakuja kulalamika hulali.

Mwanao uliyemfungia ndani ili mto usimchukue,

Fadhili