Kaburi la Vijiko

Georgia, Marekani, Mei 1931

Dada Leonora,

Nyumba yetu iliyonusurika vita vya Kaskazini na Kusini imenusurika na dhoruba pia. Ni mti tu uliong'oka, ule wa pale kaburini tulipokuwa tukicheza. Unakumbuka Bibi alivyotuambia halina mtu, eti walifukia humo vijiko vya fedha, askari wa Kaskazini wasivipate?

Dada, mizizi imetoka na mifupa ya mtoto!

Vinie, mpishi wetu, akaja mbio. "Usimguse, Bi Corrie! Huyo ni mdogo wake mama yangu. Vijiko vilipofukuliwa, nyanya yangu, mtumwa wa hapa, aliomba lile shimo amzike mwanawe."

"Alimwomba nani?"

"Bibi yako. Nani mwingine?"

Na tulivyokuwa tukirukaruka pale, Dada, Bibi yuko barazani, anatutazama, anacheka!

Mdogo wako,
Corrie