Pindo, Tumechoka Kusema Tumbo

Umetimia mwaka mmoja leo, Pindo, tangu ulipotutoka asubuhi ya Jumanne, dirisha la wodi likiwa wazi kwa sababu ulisema tunakumalizia hewa. Tangazo la msiba lilisema umefariki kwa maradhi ya tumbo. Ndivyo ulivyotaka. Ulimshika mama mkono ukamwomba aseme tumbo, naye akakubali, na sisi wengine tukafuata. Kumbukumbu hii ya gazetini imekaa mezani wiki tatu kwa sababu ya neno hilo moja. Mama alitaka tulirudie. Mdogo wako alitaka tuseme kweli. Mkeo alikuwa katikati, na amechoka.

Tuanze na yale ambayo hatugombanii.

Tunakukumbuka na pini midomoni, ukiongea kwa kutumia upande mmoja wa mdomo uliobaki, na wateja wakikuelewa. Tunakukumbuka ukimpima mtu kwa macho kabla hajafika kaunta. Kwenye foleni yoyote ulitunong'oneza: yule kiuno thelathini na nne, yule atakwambia thelathini na sita lakini anajidanganya. Chai yako ilipoa kila siku ikiwa pembeni ya pasi ya moto, na mpaka leo hatujui ulifanyaje.

Jina la Pindo walikupa wateja, kwa sababu hukukubali kuitoa suruali ambayo mguu mmoja umezidi mwenzake hata kwa upana wa uzi. Uliifumua ukaishona upya, mwenyewe amesimama hapo na haraka zake. Mwalimu mmoja ulimkalisha nyuma ya pazia na kaptura siku ya harusi yake, karibu saa nzima, huku simu yake ikilia. Alikulaumu sana. Alikuja msibani kwako na suruali ileile, na tuliokuwa tukilia tuliona jinsi inavyomkaa.

Mwenye kitambi hukumwambia amenenepa. Ulimwambia kiuno chake hakina neno, kitambaa ndicho kilichokata tamaa. Ulimsitiri kila mtu aliyeingia dukani. Tatizo ni kwamba ulijisitiri na wewe mwenyewe, kwa ufundi uleule.

Miaka mitatu iliyopita ulianza kujaa kifuani. Mdogo wako, uliyemfundisha kazi na ambaye meza yake inatazamana na yako, alikutania kwamba ndoa imekukubali. Ulicheka ukaendelea kukanyaga cherehani. Hakuna aliyejua kwamba mashati yako ulikuwa umeshayaachia mishono yapanuke, na kwamba suruali zako ulikuwa ukizifumua msambani moja baada ya nyingine tukiwa tumekwenda kula, ukipachika kipande kidogo cha rangi ileile, mshono usioonekana. Fundi mwingine asingeweza. Angebanwa, angelalamika, angekwenda hospitali. Wewe nguo haikukubana hata siku moja.

Mkeo ndiye aliyegundua uvimbe, na ndiye aliyekuburuta. Kwenye zahanati walisema ni maambukizi, wakakupa vidonge. Ukavimaliza, wakakupa vingine. Mwezi wa tatu wa vidonge ndipo picha ya ultrasaundi ikaonyesha kwamba ndani ya korodani ya kulia mna kitu kigumu. Wakapima damu, ikarudi safi, na siku hiyo tulifurahi. Mama alifika mpaka dukani kwa miguu kuwaambia watu damu yako ni safi. Hatukujua kwamba zipo saratani ambazo damu haizisemi.

Daktari bingwa alikuwa mama mmoja mfupi, sauti ya chini, macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alikuuliza uvimbe ulianza lini. Ulitazama dari.

"Tarehe siikumbuki, daktari. Ila niliongeza nusu inchi shule zilipofunguliwa. Mvua zilipoanza nikaongeza nusu nyingine. Halafu robo tatu."

"Inchi za nini?"

"Za suruali."

Daktari aliweka kalamu chini. "Na kifuani?"

"Mbili. Nilidhani ni mapishi ya huyu," ukasema, ukimwonyesha mkeo.

Mkeo hakucheka. Daktari alizipanga inchi zako kwenye karatasi kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, akasema hajawahi kupata maelezo ya mgonjwa yaliyo sahihi namna ile. Kisha akasema, bila kukulaumu, kwamba yangemfaa zaidi miezi kumi na minne kabla.

Wakaitoa korodani, kwa mkato uliopita kinenani. Ulirudi dukani baada ya siku kumi na mbili ukatuambia mshono wa daktari ni mzuri, ila uzi mnene. Hapo ndipo kungoja kulipoanza. Maabara ya hospitali haikuutambua ule uvimbe, wakapeleka vipande kwenye maabara nyingine. Wiki saba. Mdogo wako alikwenda kila Ijumaa kusimama kwenye dirisha lile lenye kioo kilichopasuka, akiambiwa majibu hayajafika. Ijumaa ya tano alipiga kaunta kwa kiganja, akauliza kama vile vipande wamevituma kwa konokono. Yule dada wa dirishani aliinua uso kutoka kwenye daftari. Alisema amebaki peke yake zamu hiyo tangu saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba ana kaka pia. Mdogo wako aliomba radhi. Leo anaomba tena hapa.

Majibu yalisema ni aina adimu. Daktari alitueleza taratibu, akichora. Saratani nyingi za korodani huanzia kwenye chembe za mbegu, na hizo dawa za dripu huziweza, hata zikiwa zimesambaa, mara nyingi mtu hupona. Yako ilianzia kwenye chembe zinazozilea zile mbegu. Ndiyo iliyokutia homoni ukajaa kifua. Hiyo hukaidi dawa, hukaidi mionzi, na dawa yake kubwa ni kisu cha mapema. Alisema katika kazi yake yote wewe ulikuwa wa tatu.

Hatutaandika yote yaliyofuata, kwa sababu hatuna nguvu ya kuyapitia tena. Walikupasua tumbo kutoa matezi yaliyoko nyuma yake, operesheni ya saa nyingi. Mkeo alijifunza majina ya dawa asiyoweza kuyatamka. Binti yenu alifanyia kazi za shule kwenye benchi la korido mpaka wahudumu wakawa wanamkagulia hesabu. Walijaribu dripu hata hivyo, daktari akisema wazi kwamba anajaribu. Ikafika mapafuni. Ukapungua, na wewe mwenyewe ukatuambia ngapi: kiuno ishirini na nane. Hukuziachia tena nguo. Hukuzibana pia. Ulisema muda wa kushona umekwisha.

Ndipo ukamwomba mama aseme tumbo. Ulisema watu watacheka. Ulisema watamtazama binti yako na kuanza kuuliza maswali ya kipumbavu. Mama akakuahidi, na tangu siku hiyo kila anayeuliza anajibiwa hivyo. Mdogo wako alipombana, mama alisema si uongo, si walikupasua tumbo? Na kweli walikupasua. Ila kila tulipolisema neno hilo tulichoka zaidi, kama tunabeba kitu ambacho hakuna aliyetutuma kukibeba.

Mwezi mmoja uliopita aliingia dukani mteja wako wa zamani, dereva wa lori. Alileta suruali mbili, akazungumza habari za barabara na matairi, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba angependa ziachiwe msambani. Kidogo tu. Eti anakaa sana.

Mdogo wako alishika chaki, akaiweka. Akamwuliza upande gani.

"Nimekuja kwa fundi," dereva akasema. "Sikuja kwa daktari."

"Basi fundi haongezi hata uzi. Kaka yangu aliongeza."

"Kaka yako alikufa kwa tumbo, kijana. Mimi nilizika."

Mama alikuwepo. Tangu uondoke huja dukani kushona vifungo, anasema nyumbani kumekuwa kukubwa. Mdogo wako alimtazama, na mama akatikisa kichwa: hapana. Mdogo wako akasema hata hivyo. Alimwambia dereva haikuwa tumbo, ilianza kwenye korodani, ikafichwa na suruali nzuri. Akazirudisha suruali zote mbili kwenye mfuko.

Dereva alitoka bila kuaga. Mama hakusema na mdogo wako siku nane. Alimpitishia chumvi kupitia kwa mkeo.

Wiki mbili baadaye dereva alirudi, anacheka tangu mlangoni. Ni maji tu, akasema. Busha la kawaida, atapasuliwa mwezi ujao, atarudi barabarani. Alimnyooshea mdogo wako kidole. "Umenikosesha usingizi bure, bwana mdogo. Siku tatu chakula hakipiti."

Mdogo wako alikuwa na jibu, unamjua. Lakini mama alimtangulia, macho yakiwa kwenye kifungo.

"Na kama yasingekuwa maji?"

Dereva aliacha kucheka. Alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye kiti chako, hatukumzuia. Alisema amekaa na kitu hicho mwaka na nusu, anaoga nacho, anasafiri nacho, na katika muda wote huo aliyemwuliza upande gani ni huyu bwana mdogo peke yake. Kisha akauliza ilikuchukua muda gani. Mama ndiye aliyemweleza. Alianza na nusu inchi ya kwanza, akafika mpaka Jumanne. Hatukuwahi kumsikia akiyasema. Alipomaliza alimwambia mdogo wako aende akaandike.

Mdogo wako alileta beti kumi na nne, vina vimenyooka, kila mstari una moto. Mkeo alizisoma zote, akasema ni nzuri. Halafu akauliza, mtu aliyevimba leo akilishika gazeti, atafika ubeti wa ngapi kabla hajajua anaambiwa nini? Ndiyo maana unasoma maneno haya ya kawaida. Beti zako zipo, tutakusomea wenyewe.

Mama ametaka maneno yake yawekwe kama alivyoyasema, na tusiyapambe:

"Mwanangu, nilikuahidi na leo nimevunja, nikiwa na akili zangu. Umenizidi kwa kila kitu, ila siri hii imenizidi zaidi. Wewe uliogopa wakucheke. Mimi nimekaa dukani kwako mwaka mzima naona wanaume wanaingia, sijui yupi anaficha nini, na jibu ninalo mdomoni. Sikuweza tena. Kama umekasirika, nikasirikie mimi, mdogo wako mwache."

Basi tunaandika: Pindo, fundi suruali, aliugua saratani ya korodani ya aina adimu, akafa nayo akiwa na miaka thelathini na tisa. Binti yake amesoma sentensi hii kabla ya mtu mwingine yeyote. Ameuliza kama tunaogopa. Tukamwambia ndiyo, kidogo. Akasema iandikwe.

Tunaokukumbuka: mama yako, aliyetaka atajwe wa kwanza ili lawama zimfikie yeye, mkeo, binti yako, mdogo wako, na wateja wako, ambao sasa huulizwa swali moja zaidi wanapopimwa, na baadhi yao hununa.

Pumzika, kaka. Tutakukumbuka siku zote tulizobakiwa nazo.